Sisi Tumelala

Kwenye ukoo wetu hakuna safari isiyo na kamati. Hata hii ya kwenda kulala kwenye nyumba ya mbao katikati ya misonobari, ambayo kwa akili ya kawaida ilihitaji gari, mablanketi na watu wasiogombana, ilipata mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Mwenyekiti alijiteua mwenyewe. Ni shemeji yangu, kaka yake mama watoto, mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Ukimuuliza saa ngapi, atakupa na historia ya saa. Mimi nilikuwa katibu, yaani niliandika kila kitu na hakuna aliyesoma.

Tangazo la nyumba lilisema inalaza watu kumi. Hesabu za matangazo haya mnazijua: wanahesabu kochi la kukunjua, wanahesabu dari, nadhani wanahesabu na zulia la mlangoni. Shemeji akachora ramani ya vitanda, akaituma kwenye kundi la familia, na chumba cha chini chenye kitanda kipana kikaangukia, kwa bahati tu, kwa mwenyekiti. Shangazi yangu, mwenye magoti yanayotabiri mvua, akapangiwa darini, kupanda kwa ngazi ya mbao.

"Joto hupanda juu, Shangazi," Shemeji akamfafanulia. "Huko ndiko utakapolala vizuri."

"Joto linapanda lenyewe, mwanangu. Mimi nani atanipandisha?"

Swali halikujibiwa. Kikao kikaenda kwenye ajenda ya funguo. Mwenye nyumba alikuwa ametutumia ujumbe: mlango hauna ufunguo, una kitasa cha namba, tarakimu nne, na ukiufunga unajifunga wenyewe. Akaongeza kwamba mtandao huko ni wa kubahatisha. Sote tukasema sawa. Shangazi peke yake ndiye aliyetoa daftari lake, lile la michango na madeni ya watu, akavaa miwani na kunakili namba na maelekezo ya njia mpaka nukta ya mwisho. Tulicheka sana. Shemeji akamwambia hii ni dunia ya simu. Shangazi akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya na kuandika jina la Shemeji. Mpaka leo hatujui aliandikia nini.

Njiani Shemeji alitufundisha jiografia. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5, kwa hiyo vaeni masweta. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo tatizo lake: huwa sahihi kiasi cha kukufanya umwamini na kwa mengine. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa ndala.

Tulifika kukiwa na manyunyu. Shemeji akasogea mlangoni, akabonyeza namba kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umekifunika kitasa tusione. "Usalama," alisema, akiangalia kushoto na kulia. Kushoto kulikuwa na misonobari. Kulia pia.

Watoto walitawanyika kuokota koni, yale matunda ya msonobari yenye magamba. Kwa kuwa yalikuwa yameloa, yote yalikuwa yamejifumba, magumu, mazito. Walirudi na ndoo imejaa na utomvu mpaka kwenye nywele. Utomvu wa msonobari hausikii maji wala sabuni. Mama watoto alikaa nao jioni nzima akiwapaka mafuta ya kupikia kichwani na kuuvuta kwa chanuo, na harufu yake ikamfuata mpaka kwenye chai. Kitindamimba wetu hakutaka ndoo ilale nje. "Zinasikia baridi," alisema, akaiweka pembeni ya lile jiko la chuma la kuni. Hakuna aliyempinga. Shangazi akapandishwa darini kwa ushirikiano: wawili wakisukuma, mmoja akivuta, mwenyekiti akitoa maelekezo.

Usiku wa manane nikaamshwa na mlio.

*Ta.*

Kimya. Nikasema ni mbao za nyumba, mbao hulia zikipata baridi. Halafu *ta-ta*. Halafu mkwaruzo mdogo, *krrr*, kama mtu anayekanyaga vijiti vikavu huku akijitahidi asisikike. Ulitoka sebuleni, upande wa jiko. Mama watoto alikuwa ameshakaa kitako.

Mlango wa chumba ukafunguka taratibu. Shemeji. Mkononi ana kikaango.

"Mnyama," akanong'ona. "Anatafuna mifupa."

"Mifupa ya nani?" mama watoto akauliza. "Si sote tupo?"

Tukahesabu watoto gizani kwa kupapasa vichwa. Wote walikuwapo, wananata. Shemeji akatoa mwongozo: kanuni ya kwanza mnyama akiingia ndani ni kumwachia nafasi. Nikamuuliza iwaje mnyama aliye ndani ndiye abaki na sisi wenye nyumba ndio tutoke. Akasema huu si wakati wa mijadala. Tukatoka kwa kunyata, blanketi moja kwa familia nzima, watoto mgongoni. Wa mwisho kutoka alikuwa mwenyekiti, akauvuta mlango nyuma yake kwa ustaarabu mkubwa, ili mnyama asisumbuke.

*Dzzz. Klak.*

Tulisimama barazani tukautazama ule mlango. Baridi ya kule haikusalimii, inakuingia tu.

"Shemeji," nikasema, "taja namba."

"Kuna saba."

"Saba na nini?"

"Iko kwenye simu."

"Simu iko wapi?"

"Inachaji."

Alijaribu. Kila akibonyeza, kitasa kilitoa mlio wa dharau na taa nyekundu. Alipozidisha, kikasusa kabisa, hata taa hakikuwasha tena. Ndala zikawa zinapiga sakafu zenyewe kwa kutetemeka. Na hapo ndipo mama watoto alipouliza lile swali ambalo wote tulikuwa hatujalifikiria.

"Shangazi yuko wapi?"

Jamani. Tulikuwa tumehesabu vichwa vyote isipokuwa cha aliye darini. Shemeji akaanza kusema, "Itakuwa ameshali—" lakini dada yake alimkanyaga kwa nguvu na sentensi haikuisha. Tukauvamia mlango kwa ngumi. Darini tochi ikawaka.

"Nani?" Sauti kavu, ya mtu aliyekatizwa usingizi.

"Ni sisi, Shangazi!"

"Sisi nani? Sisi tumelala."

"Shangazi, fungua! Kuna kitu humo ndani!"

"Humu ndani niko mimi."

Mama watoto akapiga goti barazani kwa kicheko, jambo ambalo halikusaidia, maana kwa wa ndani kilisikika kama kicheko cha majambazi.

"Kama ni watu wa humu," Shangazi akaendelea, na tukasikia karatasi zikifunuliwa, "tajeni namba ya mlango. Wa humu wote wanayo."

"Iko kwenye simu!" Shemeji akalia.

"Hata wezi wana simu."

Tungelala pale. Kilichotuokoa ni kitindamimba, aliyetoa kichwa kwenye blanketi na kutangaza msitu mzima usikie, "Bibi, mkojo unatoka!" Kukawa na ukimya, kisha ngazi ikaanza kulia. Kipago kimoja, ombi kwa Mungu. Kipago cha pili, ombi refu zaidi. Mlango ukafunguka, Shangazi amejitanda khanga, tochi mkono mmoja, daftari mkono wa pili.

Tukaingia nyuma yake, Shemeji akiwa nyuma ya wote. *Ta*, ikalia. Shangazi akamulika.

Ilikuwa ndoo. Koni zilizoingia zimejifumba zilikuwa zimekauka kwa joto la jiko na sasa zinajifungua moja moja, gamba baada ya gamba. Mbele ya macho yetu gamba likaachia, *ta*, na kambegu kenye ubawa kakadondoka sakafuni.

Hakuna aliyesema kitu. Yaani, isipokuwa mmoja.

"Hiyo ni kawaida," Shemeji akasema, sauti imerudi. "Gamba lina tabaka mbili. Likiloa, la nje linavimba, koni inajifumba. Likikauka linasinyaa, koni inafunguka iachie mbegu zipeperuke. Hata koni iliyokufa siku nyingi inafanya hivyo. Nilijua tangu mwanzo."

"Ulijua?" Shangazi akamuuliza.

"Nilijua, Shangazi."

"Na hicho kikaango?"

Shemeji akakitazama. Ni hapo tu nilipomuona akitafuta jibu.

"Nilitaka kukaanga mayai," akasema.

Mama watoto akaenda kumletea trei. Saa tisa usiku mwenyekiti akachochea kuni na kutukaangia mayai familia nzima, moja moja, na kila alipotaka kuacha, dada yake aliomba jingine. Shangazi hakula. Alikuwa ameshaingia kwenye kitanda kipana cha chumba cha chini, na amefunga mlango kwa komeo.