Sikumtoa Mtu Kafara, Nilitia Rivasi Tu

Kwa kuwa Swahiba, rafiki niliyekuwa naye botini, ameshaisambaza habari ya siku nilipokaribia kumzamisha mpaka kwa shangazi zangu, na toleo lililonifikia jana lina papa ndani yake, bora niseme mwenyewe. Papa hakuwepo. Boti haikuzama. Kulikuwa na kamba ya nailoni ya mita 8, na usukanini nilikuwa mimi. Basi.

Ni ile ile kozi ya tanga niliyowachosheni nayo kwa picha: wiki nzima mnalala humo humo botini, kutoka Mji Mkongwe mnateremka kusini, mnaipita Chumbe, mnaingia Ghuba ya Menai. Boti ya futi 38, matanga mawili, mashine ndogo ya dizeli, na kidau cha mpira kinaburutwa nyuma. Habari za choo cha pampu niachieni, hiyo ina siku yake.

Asubuhi hiyo zamu ya kutia nanga ilikuwa yangu, karibu na kisiwa cha Kwale. Kaskazi inavuma lakini ghubani mmejikinga na Unguja, maji shwari. Nahodha, mzee wa Kiunguja asiyepandisha sauti hata akikasirika (ndiyo inayotisha), akaniambia, “Hesabu kwanza, bwana mdogo.”

Nikahesabu, na hesabu niliipata, Swahiba hilo halisemi. Ilikuwa saa nne, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida), maji yamekupwa kabisa. Kipimo kinasoma mita 4. Mkuku wetu, uti wa chini ya boti, unakwenda chini mita 2, kwa hiyo hatupwelewi. Lakini saa kumi maji yatakuwa yamejaa, weka mita 3 na nusu zaidi. Kutoka usawa wa maji hadi kwenye omo, mbele ya boti mnyororo unapotokea, mita 1 na nusu. Jumla 9. Zidisha kwa 5: mita 45 za mnyororo. Ukihesabu maji unayoyaona sasa tu, jioni mnyororo unasimama wima, nanga inang'oka, unaamka uko kwa jirani.

Nahodha akaenda omo kushika winchi ya nanga. Kwa kelele za mashine hakuna kusikilizana, kwa hiyo tulipatana ishara: ngumi ni nyutro, kidole gumba kikielekea nyuma ya bega ni rivasi, kiganja wazi ni acha kila kitu. Swahiba naye aliambiwa aingie kidauni na miwani ya kuzamia, nanga ikishaingia mchangani aende kuitazama, maana ghuba ile ni hifadhi na nanga haitakiwi kugusa matumbawe. Akaingia, akakaa kitako kama sultani. Mguu mmoja una kiatu cha kuogelea, wa pili anautafutia.

Sasa nisikilizeni hapa. Kabla ya kutia rivasi, anayeshika usukani ana kazi moja: kuvuta kamba ya kidau mpaka pua ya kidau iguse tezi, nyuma ya boti, kisha kuifunga fupi. Mkisafiri kidau kinaachiwa mbali, mita 7 au 8, kisiwagonge. Boti ikirudi nyuma inakifuata kidau, kamba inalegea, na nailoni ikilegea haielei, inazama. Na hapo chini kuna propela inayovuta maji kuelekea kwake. Haya yote niliambiwa siku ya kwanza. Niliyaandika. Daftari lilikuwa mezani ndani, limefungwa vizuri.

Gumba likaenda nyuma ya bega. Nikatia rivasi, polepole, kwa madaha.

Mnyororo ukaanza kutoka. Umepakwa rangi kila mita 10. Nikawa nahesabu rangi kwa sauti ili Nahodha ajue ana mwanafunzi. Kumi. Ishirini. Nimekazia macho alama zangu mbili za ufukweni, mti mrefu na jiwe lililo mbele yake, maana zikikaa kwenye mstari mmoja chombo kimeshika, zikiachana kinaburura. Thelathini. Nyuma yangu nikasikia Swahiba anasema, kwa upole tu, “Ndugu yangu.”

Sikugeuka. Arobaini. Unageukaje na mzee anakutazama?

“Ndugu yangu, kidau kinakwenda.”

Nikamjibu, bila kugeuka, kwamba si kidau kinachokwenda, ni boti, kinaonekana hivyo kwa sababu ya mwendo. Wallahi nilimfundisha. Nilimpa somo zima mtu anayevutwa chini ya boti.

Arobaini na tano. Mnyororo ukakaza, omo ikajibu kwa kuinama kidogo, alama ziko sawasawa. Ilibaki hatua ya mwisho: kuongeza mashine hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika na kushikilia nusu dakika, nanga ijichimbie. Hapo Swahiba akapiga kelele, “Toa! Toa rivasi!” Mimi, na mashine ile masikioni, nikasikia tia. Nikajiambia, si ndiyo naiongeza.

Nikaongeza.

Mashine ikabadilisha sauti, ikawa nzito, mtu anayebeba gunia anasikika hivyo. Nikageuka. Kamba ilikuwa imenyooka kuingia majini, haitikisiki, na kidau kinakuja. Hakikuja kwa kasi, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu tulipata muda wa kutazamana. Pua ikainama. Ikaingia chini ya tezi. Nyuma ya kidau ikaanza kupanda, na Swahiba juu yake anapanda nayo, miwani usoni, kiatu kimoja mkononi, mdomo wazi bila sauti. Ningekuwa mtu wa maana mkono ungekuwa kwenye gia. Mkono ulikuwa kichwani. Akaruka, akaikumbatia ngazi ya tezi kwa mikono na miguu, na wakati uo huo mashine ikakohoa mara moja, ikazimika.

Kimya cha baharini mnakijua. Katika kimya hicho ikapita ngalawa, wavuvi wawili, tanga limejaa. Mmoja akatazama kidau kilichosimama pua chini, akamwambia mwenzake, “Ile boti inamla mtoto wake.” Wakapita zao, hata mwendo hawakupunguza.

Nahodha akaja tezi. Akaitazama kamba. Akanitazama mimi. Akasema, “Nanga imeshika lakini.” Na kweli ilikuwa imeshika, isingeshika tungelazimika kupandisha tanga pale pale, maana mashine haipo.

Kufungua kamba iliyojisokota kuna utaratibu, na huo nimeujua vizuri sasa. Ufunguo wa mashine unatolewa na anakaa nao anayezamia mwenyewe, asije mtu wa aina yangu akawasha. Gia nyutro. Mmoja anafungua sakafu, anauzungusha mhimili wa propela kwa mkono: kamba imejisokota kwa rivasi, kwa hiyo unazungusha upande wa kwenda mbele, na wa chini anavuta ncha. Ya kwetu ilizunguka kidogo ikagoma, nailoni ilikuwa imepata moto mpaka imeyeyuka ikashikana. Ikabidi kisu cha meno, kile cha mkate, mikato mifupi, pumzi moja moja. Na chini ya boti usizamie kichwa wazi, inapanda na kushuka na kukugonga. Mimi nilivaa kofia ya sufi ya Swahiba, aliyeitoa kwa masharti. Ndiyo, nilizamia mimi. Nani mwingine?

Mengine ni mafupi. Mhimili haukupinda. Pete ya kidau iling'oka, ikagundishwa. Vyombo vyote niliosha mimi mpaka tuliporudi mjini. Kamba mpya ni ya aina inayoelea, nimeinunua kwa pesa yangu, nikaitia na maboya madogo mawili, na Nahodha akitaka rivasi alikuwa ananisimamisha nitamke “kamba fupi” mbele ya wote, kama mtoto wa chuoni, ndipo niguse gia.

Leo mama amepiga simu anauliza kama ni kweli nimemzamisha mtoto wa watu. Nikampa simu mtoto wa watu aongee naye mwenyewe. Alikuwa Forodhani anakula pweza, sahani ya pili, na zote mbili kaandikisha kwangu.