Sarafu za Watoto na Hazina ya Usharika

Kila mwanzo wa mwaka, makisio ya mapato na matumizi yanapowekwa mbele ya baraza la wazee, kifungu cha shule ya Jumapili hufikiwa mwishoni, baada ya ujenzi, posho za watumishi, mgawo wa dayosisi (sehemu ya mapato ambayo usharika hupeleka dayosisi) na ankara za umeme, wakati wajumbe wameshachoka na wengine wanatazama saa. Hapo ndipo huzuka swali ambalo katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania bado linajibiwa kwa namna tofauti: je, sadaka wanayotoa watoto katika ibada yao ibaki kwa walimu wao kwa ajili ya mahitaji ya watoto, au ihesabiwe pamoja na sadaka nyingine na kuingia katika mfuko mkuu?

Wanaotaka ibaki huanza na jambo ambalo kila aliyewahi kufundisha watoto kanisani analijua. Mwalimu hugundua Jumamosi jioni kwamba kalamu za rangi zimekwisha na karatasi za manila hazipo, ilhali utaratibu wa hazina unamtaka aandike barua ya maombi, aisubiri saini ya mwenyekiti wa kamati, kisha amtafute mtunza hazina, ambaye pengine hupatikana Jumapili tu. Matokeo yake mwalimu hununua kwa fedha zake, na baada ya mara tatu au nne huacha kudai, na baada ya mwaka huacha kufundisha. Nimekuwa mwalimu wa aina hiyo, na sikuacha kwa sababu ya kukosa wito. Hoja yao ya pili ni ya kisiasa zaidi, ingawa hawaiiti hivyo: bei ya mabati ikipanda katikati ya mwaka, kifungu cha kwanza kupunguzwa ni kile ambacho wenyewe hawana mjumbe katika kikao. Kikapu chao wenyewe ndiyo kinga pekee waliyo nayo.

Upande wa pili nao haupuuziki. Sadaka hutolewa kwa Mungu katika ibada, haitolewi kama ada ya huduma anayoipata mtoaji. Kama kwaya ya vijana haikai na sadaka ya vijana, kwa nini watoto wafundishwe kwamba walichotoa kitawarudia wao wenyewe mchana uleule kikiwa biskuti? Kuna pia suala la uwazi, nalo ni zito kuliko linavyosemwa hadharani. Fedha taslimu inayokaa katika mkoba wa mwalimu bila stakabadhi na bila mtu wa pili wa kuihesabu humweka mwalimu huyo pabaya hata akiwa mwaminifu kabisa, kwa kuwa siku minong'ono itakapoanza hatakuwa na karatasi ya kumtetea. Zaidi ya hayo, pale ambapo mgawo wa dayosisi hukokotolewa kutokana na mapato ya usharika, sadaka isiyoandikwa katika vitabu ni mapato yaliyofichwa, hata kama aliyeyaficha hakukusudia ubaya wowote.

Ajabu ni kwamba pande zote mbili hubishana kana kwamba sarafu hizo zinatosha, na hazitoshi. Tuchukue mfano wa kubuni wa usharika wa mjini wenye watoto 120 wanaohudhuria kila Jumapili, kila mmoja akitoa shilingi 200. Hiyo ni shilingi 24,000 kwa Jumapili, na kwa Jumapili 52 ni shilingi 1,248,000. Juisi na andazi la shilingi 500 kwa kila mtoto, mara moja tu kwa mwezi, humeza shilingi 720,000. Nauli ya walimu sita, kila mmoja shilingi 2,000 kwa Jumapili, ni shilingi 624,000 kwa mwaka. Tayari tumevuka mapato kwa shilingi 96,000, na hatujanunua chaki, hatujalipia turubai la darasa lililo chini ya mwembe, wala hatujagusa sare za kwaya ya watoto au igizo la Krismasi. Katika mtaa, yaani tawi dogo lililo chini ya usharika, wenye watoto 30 wanaotoa shilingi 100 kila mmoja, mwaka mzima huleta shilingi 156,000. Kwa hiyo anayesema watoto wajitegemee kwa sadaka yao anasema, pengine bila kujua, kwamba watoto wa mtaa maskini wafundishwe vibaya kuliko wa usharika mama, wakati wazazi wa pande zote mbili wanachangia hazina ileile kwa bahasha na kwa mnada wa mavuno.

Ndiyo maana naona swali lenyewe limeulizwa vibaya. Mafunzo ya watoto ni kazi ya usharika mzima, na gharama yake inapaswa kulipwa na watu wazima kwa kifungu kinachopangwa kulingana na idadi ya watoto na ya walimu, bila kuangalia kikapu cha watoto kilileta kiasi gani. Kisha sadaka ya watoto ipewe kazi nyingine: iende nje ya darasa lao. Wazo hili si geni. Wakatoliki wamelifuata tangu mwaka 1843, pale Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha shirika la Utoto Mtakatifu na kuwaomba watoto wasali Salamu Maria moja kila siku na kutoa sarafu moja ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wa mbali, kwanza wa China. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani, sehemu ya fedha zao ilitoka katika sarafu hizo za watoto wa Ulaya. Pwani yetu imewahi kulishwa na vikapu vya watoto.

Kuna sherehe moja inayoonyesha jinsi tunavyopanga kinyume. Mwishoni mwa Septemba, katika Sikukuu ya Mikaeli na watoto, watoto huongoza sehemu ya ibada, na katika sharika nyingi hupikiwa pilau, huvishwa sare mpya na kupewa zawadi, na wazee hufungua mikono kwa furaha. Sina ugomvi na pilau. Lakini fedha inayotumika siku hiyo moja huweza kupita ile ya vifaa vya kufundishia vya mwaka mzima, na hakuna anayeliona hilo kwa sababu mchango wa sikukuu hukusanywa pembeni na hauingizwi katika makisio. Ukiingizwa, baraza litalazimika kuona namba hizo mbili zikiwa zimekaa katika ukurasa mmoja.

Shida ya mwalimu wa Jumamosi jioni haiondoki kwa hoja hii, na inataka dawa yake. Ofisi za umma zina masurufu, na usharika unaweza kuwa nayo: mratibu wa watoto apewe kila mwezi kiasi kidogo kinachojulikana, tuseme shilingi 50,000, anunue bila kuomba saini, na asipewe cha mwezi unaofuata mpaka arejeshe stakabadhi za huu. Sadaka ya watoto ihesabiwe palepale na watu wazima wawili wasio ndugu, iandikwe katika daftari, na ipelekwe kwa mtunza hazina siku hiyohiyo.

Mpango huu una udhaifu mmoja ambao siwezi kuukwepa. Kuna mitaa ambako hazina yenyewe ni tupu, ambako mwinjilisti hupewa mahindi badala ya posho na hakuna kifungu cha kulinda. Huko, kuwaambia watoto kwamba sarafu zao ziende mbali wakati hawana hata chaki ni kuwatwisha mzigo ambao watu wazima wa sharika za jirani wameukataa. Kwa mitaa hiyo sadaka ya watoto inunue chaki, mradi iandikwe kwanza kama mapato na kisha kama matumizi, na usharika mama uweke katika makisio yake mwaka utakaoanza kuwalipia.