Kabla fundi hajashusha giaboksi yako, mwambie aanze na rejeta

Wadau hili jambo linaniuma kwa kweli. Kuna giaboksi za auto zinashushwa gereji wakati muuaji ni rejeta, halafu rejeta ileile inarudishwa palepale ikaue na hiyo giaboksi ya mtumba uliyoitafutia hela miezi mitatu.

Mimi yamenikuta. Tunapanda Kitonga kwenda Iringa, gari limejaa watu na mizigo, mbele lori linatambaa, mshale wa joto uko katikati wala haujasogea, mara nakanyaga mafuta injini inapiga kelele ila gari halivuti, yaani kama mtu kaliweka nyutro. Tukajikongoja hivyohivyo mpaka juu. Fundi wa kwanza kaendesha hatua chache akashuka, "Kaka, giaboksi imekwisha hii, tafuta nyingine." Boneti hakufungua.

Mzee mmoja palepale gereji ndiye akasema subirini injini ipoe kabisa, kisha akafungua mfuniko wa rejeta akaingiza kidole, kikatoka na uji mzito wa pinki kama mtindi uliomwagiwa juisi ya rozela. Akachomoa dipstiki ya giaboksi (kile kijiti cha kupimia oili), uji uleule, yaani maji na oili vimechanganyika!

Sikilizeni inavyokuwa. Kwenye gari nyingi za auto, ndani ya tenki la rejeta kuna kibomba cha kupozea oili ya giaboksi kimezama mle kwenye maji, oili inakuja kwa paipu moja inarudi kwa nyingine. Kikitoboka, injini ikiwa inawaka oili ndo inasukuma kuingia kwenye maji, ila ukizima gari presha ya oili inaisha wakati rejeta bado ni ya moto na presha yake ipo, kwa hiyo sasa maji ndo yanaingia kwenye oili, kimyakimya, gari limepaki. Na zile plate za klachi zilizomo ndani ya giaboksi zina utando kama karatasi uliobandikwa kwa gundi, maji yakifika unavimba, unabanduka, basi. Marekani Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za 2005 hadi 2010 zilijulikana sana kwa ugonjwa huu mpaka warranti ya rejeta ikaongezwa, kwa hiyo msiseme ni mambo ya mafundi wa uswahilini tu.

Kupima wala sio gharama. Gari likiwa limepoa chomoa zile paipu mbili, ziba tundu moja, jingine pitisha upepo kidogo wa kompresa (kidogo jamani, sio ule wa kujaza tairi la lori), rejeta ikiwa na maji na mfuniko wazi. Mapovu yakipanda, rejeta imekufa, usiibembeleze na dawa za kuziba.

Kama hakuna uji ila chini kuna tone jekundu, usikimbilie kusema ni oili maana kulanti (yale maji ya dawa ya rejeta) nyingi nazo ni nyekundu au pinki. Chukua tone weka kwenye karatasi: oili inabaki doa linalong'aa kama karatasi ya maandazi, kulanti haiachi doa la mafuta kama hilo. Usionje, ni sumu. Ikiwa ni oili angalia kwanza kwenye zile paipu mbili, pale mpira unapoungana na chuma, ukikuta vumbi limegandana jeusi duara zima, ndo hapo. Na mpira ununue wa oili ya giaboksi, nakuomba, sio kipande cha hozi ya maji na klipu moja, ule unalainika kwa oili ya moto na siku ukichomoka oili yote inabaki barabarani.

Kinachonikera zaidi ni maji ya kisima. Hapa Dar visima vingi ni chumvi, halafu mtu anajaza rejeta mwaka mzima kisa kulanti bei ghali. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, chumvi inakula chuma, na chuma chenyewe ndo hicho kibomba. Na themostati (kile kifaa kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) msikubali itolewe eti ni ya nchi za baridi.

Mimi nilibadili rejeta, paipu zikasafishwa, oili ikamwagwa na kujazwa mara tatu mpaka ikatoka nyekundu safi. Giaboksi ilipona kwa sababu uji haukukaa siku nyingi. Sasa kila usiku natandika boksi la katoni chini ya gari, asubuhi kabla sijawasha nalivuta naliangalia.