Boksa Hakuumbwa kwa Ajili ya Banda

Nyumbani kwetu Machame tulifuga mbwa watatu kwa kufuatana, na wote waliitwa Simba. Kazi yao ilikuwa kulala bandani mchana kutwa na kubweka usiku kucha. Sikumbuki kumwona mtu akicheza na Simba hata mmoja. Ugali wa jioni uliomwagiwa mchuzi uliobaki, pamoja na dagaa siku walipokuwapo, ulitosha kutushawishi kwamba mbwa anatunzwa.

Sasa ni mwaka wa kumi na mmoja niko Munich, Ujerumani, na ninaishi na mbwa dume wa aina ya boksa, wa kilo 32, aitwaye Kishindo, jina alilojipatia siku ya kwanza alipoingia sebuleni na kuangusha meza ya chai. (Nyumbani nikisema nina boksa, watu hucheka kwanza, kwa kuwa wengi hulijua neno hilo kwa nguo ya ndani.) Huku ndiko hasa kwao: klabu ya wafugaji wa boksa ilianzishwa katika mji huu mwaka 1895, na asili ya boksa ni mbwa wa kale wa Ujerumani waliokuwa wakimkamata nguruwe mwitu kwa meno na kumshikilia mpaka mwindaji afike. Ni mbwa aliyezoeshwa kwa vizazi vingi kufanya kazi ubavuni mwa mtu, na ukimtenga na watu unamnyima kitu anachokihitaji kuliko chakula kizuri.

Ujerumani imeliandika jambo hilo katika kanuni. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2022 yanamtaka mwenye mbwa ampe muda wa kutosha wa kutembea nje, akae naye mara kadhaa kwa siku, na amkutanishe na mbwa wenzake. Ni kanuni nzuri, ila haiwezi kumrudisha mtu nyumbani saa sita mchana. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikitoka alfajiri na kurudi saa tisa alasiri, na Kishindo alitafuna mguu wa kochi, kisha fremu ya mlango, kisha kiatu changu kimoja cha kila jozi. Nilimnunulia midoli ya kila aina, asiiguse. Aliyetuokoa ni mzee mstaafu wa ghorofa ya chini, ambaye huja mchana, huketi na gazeti lake, na Kishindo humlalia miguuni.

Mengine ni mazoea tu. Asubuhi tunatembea kando ya mto Isar kwa dakika arobaini na tano, naye hula baadaye, akishatulia, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu kama yeye akikimbia na tumbo lililojaa, tumbo hilo laweza kujisokota na kumuua. Sehemu ya chakula naifunga ndani ya taulo kuukuu lenye mafundo. Kwanza hulinusa huku akikoroma, kisha huinua mguu wa mbele na kulipiga ngumi, kushoto, kulia, halafu hunitazama kama mtu aliyedhulumiwa, na mwisho hulifungua kwa meno taratibu. Robo saa ya kazi hiyo humchosha kuliko mwendo mrefu.

Desemba iliyopita nilikwenda Dar es Salaam na kukuta mdogo wangu amenunua boksa, amemweka kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Pua fupi ya boksa haipozi mwili vizuri, na katika joto lile la Dar mbwa alikuwa amesimama kwenye wavu, ulimi umetanuka, mbavu zikienda mbio. Hatua kumi kutoka pale palikuwa na msichana wa kazi, mlinzi, mama mkwe na watoto wanne. Hilo ndilo lililoniuma: kundi ambalo mimi Munich nimelitafuta hadi kwa jirani, yeye alikuwa nalo bure, akamfungia mbwa mbali nalo.

"Dada, akizoea watu hatalinda," aliniambia. Sikubaliani naye. Mbwa anayewajua wa nyumbani ndiye anayemtambua asiye wa nyumbani, ilhali aliyefungiwa hubwekea hata upepo. Najua pia kwamba wapo wasiotaka mbwa ndani kwa sababu za dini, na sina ugomvi nao, maana baraza na ua wenye kivuli vinatosha kabisa.

Tulikubaliana kwamba atatembezwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, na mchana atakaa barazani. Juzi alinitumia picha: boksa amejinyoosha juu ya saruji baridi, kidevu kimelalia kandambili za msichana wa kazi, na mlinzi nyuma yao anakula wali akiwa amesimama, sahani kaiinua juu ya kichwa.