Illinois na watoto wa serikali: hesabu ya waliotoka na maisha ya waliolelewa

Mwaka 1997 jimbo la Illinois nchini Marekani lilikuwa na watoto takriban 51,000 walioondolewa mikononi mwa wazazi wao na kuwekwa katika malezi ya kambo, yaani kwa walezi wa muda wanaosimamiwa na kulipwa na serikali. Ukilinganisha na idadi ya watoto wa jimbo hilo, kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa nchini humo. Miaka kumi baadaye watoto hao walikuwa wameshuka chini ya 20,000, na tangu hapo Illinois imekuwa ikitajwa na wengi kama jimbo lililoonyesha njia. Wengine wanapinga sifa hiyo, wakisema kwamba kupunguza watoto katika daftari la serikali si sawa na kuwalea vizuri. Nimeifuatilia hoja hii kwa muda, na naona kila upande umeshika sehemu ya kweli. Ila sehemu iliyo muhimu kuliko zote, yaani nafasi ya ndugu wa mtoto, mara nyingi huachwa pembeni.

Kwanza tuone watoto hao walifikaje 51,000. Illinois si jimbo geni katika mambo haya, kwani mahakama ya kwanza ya watoto duniani ilifunguliwa huko, katika kaunti ya Cook yenye mji wa Chicago, mwaka 1899. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 idara yake ya huduma za watoto na familia ilikuwa imezidiwa kiasi cha kushtakiwa mahakamani mwaka 1988, na mwaka 1991 ikakubali kusimamiwa kwa amri ya mahakama. Kisha yakatokea mambo mawili yaliyoutikisa umma. Mwaka 1993 mtoto wa miaka mitatu aliuawa na mama yake baada ya mahakama kuamuru arudishwe kwake, na Februari 1994 polisi wa Chicago walikuta watoto 19 katika nyumba moja chafu na ya baridi kwenye mtaa wa Keystone. Baada ya hapo hakuna ofisa wa ustawi wa jamii aliyetaka jina lake liandikwe kwenye faili la mtoto aliyeachwa nyumbani akafa. Watoto wakachukuliwa kwa wingi, na familia za Weusi wa Chicago ndizo zilizochukuliwa watoto wengi kupita kiasi.

Hata hivyo hofu peke yake haielezi idadi ile. Sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na watoto waliokuwa tayari wanaishi kwa bibi au shangazi, mama zao wakiwa wamezongwa na kokeini au wametoweka. Kwa utaratibu wa wakati ule, kutokuwepo kwa mama kulihesabiwa kuwa mtoto ametelekezwa, hata kama bibi yake alikuwa anampikia na kumpeleka shule kila siku. Serikali ilimchukua mtoto kisheria na kumwacha palepale alipokuwa. Umaskini nao ulichangia, maana amri nyingine ya mahakama ya mwaka 1991, iliyotokana na kesi ya Norman, iliilazimisha idara kusaidia familia kwa fedha na makazi, kwa kuwa wazazi walikuwa wakipoteza watoto kwa sababu ya kukosa nyumba au chakula. Ukiyaweka haya pamoja utaona kwamba baadhi ya watoto wale 51,000 hawakuhitaji kuokolewa na mtu yeyote. Walichohitaji ni bibi zao kupata msaada.

Mwaka 1995 idara ilibadilisha utaratibu na ikaacha kuwachukua watoto waliokuwa salama kwa ndugu. Mwaka 1997 ilianza kuyalipa mashirika yanayosimamia malezi kwa kutazama ni watoto wangapi wameyapatia makazi ya kudumu, badala ya kuyalipa tu kwa idadi ya watoto waliobaki nayo. Novemba mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozitaka serikali za majimbo kufungua shauri la kuwaondolea wazazi haki zao pale mtoto anapokuwa amekaa nje ya nyumba kwa miezi 15 kati ya 22, na ikaahidi majimbo dola 4,000 kwa kila mtoto wa ziada atakayeasiliwa, yaani atakayefanywa kisheria kuwa mtoto wa familia nyingine, na 6,000 kama ana mahitaji maalumu. Kati ya 1997 na 1999 idadi ya watoto walioasiliwa Illinois kila mwaka iliongezeka zaidi ya maradufu.

Wanaotetea hatua hizi wana hoja nzito. Mtoto hawezi kusubiri miaka saba kwa matumaini kwamba mzazi wake ataacha dawa za kulevya. Mwaka mmoja wa mtu mzima ni robo ya maisha ya mtoto wa miaka minne, na kila anapohamishwa nyumba hupoteza shule na marafiki, pamoja na mtu aliyeanza kumzoea. Tena hofu kwamba watoto walioasiliwa kwa haraka wangerudishwa kwa wingi haikutimia: wengi wao walibaki katika familia zao mpya, ingawa waliofika ujanani walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya malezi hayo kuvunjika. Mtu akiniambia kwamba maelfu ya watoto walipata nyumba kwa sababu mtu fulani hatimaye aliweka tarehe ya mwisho, sina la kumpinga.

Ninachopinga ni kufanya kuasili kuwa mlango mmoja tu wa kutokea. Katika sheria za Marekani, kumwasili mtoto kwa kawaida hutanguliwa na kuvunjwa kwa uhusiano wa kisheria kati yake na wazazi waliomzaa. Kwa familia isiyo na uhusiano na mtoto, jambo hilo laweza kuwa sawa. Lakini kwa bibi wa upande wa kusini wa Chicago lina maana nyingine kabisa: lazima akubali mahakama imwondoe binti yake katika umama, kisha yeye aandikwe kuwa mama wa mjukuu wake. Wengi walikataa, na kukataa kwao kuliandikwa kwenye mafaili kama kutokuwa tayari kumpa mtoto makazi ya kudumu, wakati mtoto alikuwa ameishi kwao tangu kuzaliwa.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na msimamo wa bibi huyo. Kwetu kumlea mtoto wa ndugu hakujawahi kudai kumfutia nasaba. Waislamu wa mwambao wanaijua kafala, ambamo mtoto hulelewa, hulishwa na kusomeshwa huku akiendelea kuitwa kwa jina la baba yake, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kuwa mojawapo ya njia za malezi mbadala. Silisemi hili ili kudai kwamba malezi ya jamaa hayana dhuluma, kwani wapo watoto wanaochukuliwa na ndugu wakageuzwa watumishi wa nyumba. Nasema tu kwamba udumu wa malezi na kukatwa kwa nasaba ni mambo mawili, na Illinois ilikuwa mahali pa kwanza Marekani palipolijaribu wazo hilo kwa kipimo cha kitaalamu.

Jaribio lilianza mwaka 1997, baada ya serikali ya shirikisho kuiruhusu Illinois kutumia fedha zake kwa ulezi wa kisheria wenye ruzuku. Ndugu alipewa mamlaka ya mlezi na fedha za kila mwezi, ofisa wa ustawi wa jamii akaacha kuingia nyumbani kwake, na mzazi akabaki mzazi kisheria, bila mamlaka ya kila siku. Familia ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa chaguo hilo na nyingine zikaachwa na utaratibu wa kawaida. Kundi lililopewa chaguo lilipata makazi ya kudumu kwa kiwango kilichozidi cha kundi la pili kwa takriban pointi 6 za asilimia, na zaidi ya watoto 6,000 walitoka katika malezi ya kambo kwa njia hiyo ndani ya miaka michache. Matokeo hayo yalisaidia kushawishi Bunge la Marekani, ambalo mwaka 2008 liliruhusu majimbo yote kulipia ulezi wa ndugu.

Wakosoaji walikuwa na jibu, na si jibu dhaifu. Walionyesha kwamba baadhi ya familia zilizochagua ulezi zingeasili kama chaguo hilo lisingekuwepo, na kwamba ulezi ni rahisi zaidi kutenguliwa, kwa kuwa mzazi anaweza kurudi mahakamani kuomba mtoto wake. Ndiyo sababu sheria ya 2008 inadai kurudi kwa mzazi na kuasiliwa vionekane kwanza kuwa havifai, ndipo ulezi ulipiwe. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Ikiwa mtoto yuko kwa bibi yake na hana mpango wa kuhama, sioni faida anayopata kwa mama yake kufutwa. Hata sheria ya 1997 iliacha nafasi ya kutofungua shauri dhidi ya mzazi pale mtoto anapoishi na ndugu, na majaji wangeweza kuitumia nafasi hiyo kwa ukarimu zaidi.

Swali la mwanzo kabisa, yaani kama mtoto angepaswa kuchukuliwa, ndilo gumu kuliko yote, na hapo pia Illinois imetupa ushahidi. Mwaka 2007 mchumi Joseph Doyle alichapisha utafiti uliotumia jambo dogo la kiofisi: kesi hugawiwa maofisa kwa zamu, na maofisa wengine ni wepesi wa kuchukua watoto kuliko wenzao. Kwa hiyo watoto wenye hali zinazofanana waliangukia mikononi mwa watu wenye mielekeo tofauti. Miongoni mwa watoto wa hali ya katikati, ambao ofisa mmoja angewachukua na mwingine angewaacha, walioachwa nyumbani walifanya vizuri zaidi: wachache zaidi walifikishwa katika mahakama za watoto kwa makosa ya jinai, wasichana wachache zaidi walizaa wakiwa wadogo, na kipato cha baadaye kilikuwa kikubwa zaidi. Utafiti wake wa mwaka uliofuata ulikuta waliochukuliwa wakikamatwa ukubwani mara mbili hadi tatu zaidi.

Wengi waliishia hapo na kutangaza kwamba malezi ya kambo ni madhara matupu. Lakini mwaka 2022 Max Gross na Jason Baron walitumia mbinu hiyohiyo katika jimbo la Michigan, lililo upande wa pili wa ziwa, na wakapata kinyume chake: watoto waliochukuliwa walidhulumiwa mara chache zaidi baadaye, walihudhuria shule zaidi na waliongeza alama za hesabu. Tafiti hizi si lazima zipingane. Watoto wa Michigan wengi walikaa nje kwa muda mfupi na kurudi kwa wazazi, na manufaa yalionekana hasa baada ya kurudi, huenda kwa sababu wazazi nao walikuwa wamesaidiwa. Illinois, kwa upande wake, imejulikana kwa miaka mingi kuwa jimbo ambalo mtoto akishachukuliwa hukaa sana na kurudishwa kwa wazazi ni kwa shida. Naamini tofauti hiyo ina uzito kuliko hesabu yoyote ya walioasiliwa, kwa sababu inahusu kile kinachofanywa na mzazi wakati mtoto hayupo.

Nikiandika haya sisahau mwaka 2019. Baada ya watoto kadhaa kufa katika familia ambazo idara ilikuwa inazifuatilia bila kuwachukua watoto, gavana aliagiza uchunguzi wa huduma hizo, na kituo cha utafiti cha Chapin Hall cha Chicago kilieleza namna familia zenye hatari kubwa zilivyokuwa zikiachiwa mashirika yasiyo na uwezo wa kuzirudisha kwa wapelelezi wa idara. Ni rahisi kusema mtoto abaki kwao. Ni kazi nyingine kumtuma mtu mwenye mafunzo na muda wa kutosha akabishe hodi kila wiki. Anayetetea familia bila kutetea bajeti ya mtu huyo anamwacha mtoto peke yake na hatari.

Nao wasiopata familia yoyote hukua tu mpaka umri ukawatoa. Illinois iliwaruhusu kubaki hadi miaka 21 wakati Iowa na Wisconsin ziliwatoa wakiwa na 18 hivi, na utafiti uliowafuata vijana zaidi ya 700 wa majimbo hayo matatu ulionyesha kuwa wa Illinois waliendelea na masomo kwa wingi zaidi. Lakini walipofika miaka 26, chini ya nusu ya vijana wote wa utafiti huo walikuwa na kazi. Miaka mitatu ya ziada ni msaada wa kweli, ila haiwi mahali pa kurudi sikukuu.

Hapo ndipo suala la ndugu linaporudi, na katika Illinois limekuwa kwa sehemu kubwa suala la malipo. Kesi ya Miller dhidi ya Youakim, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1979, ilitoka jimbo hili: dada mkubwa aliwachukua wadogo zake, serikali ikakataa kumlipa kama mlezi wa kambo kwa kuwa ni ndugu, na mahakama ikasema undugu si sababu ya kumnyima. Mwaka 1995 mabadiliko yaleyale niliyoyasifu yaliwapunguzia malipo ndugu wasio na leseni ya malezi, leseni ambayo ilidai vyumba na masharti ambayo bibi wa nyumba ya kupanga hangeyafikia. Ni Februari 2025 tu gavana alipotia saini sheria inayoweka vigezo tofauti vya leseni kwa ndugu, ili walipwe sawa na walezi wengine, na inayoitaka idara kuwatafuta ndugu kwanza. Hesabu nitakayoitazama katika miaka ijayo ni ya mabibi waliopata leseni na fedha hizo, na ya miezi ambayo wajukuu wao walikaa kabla ya mama zao kusaidiwa kuwachukua tena.