Dawa za sonona: umri unatosha kubadili dozi, je, jinsia?

Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kikomo chake waziwazi: aliyevuka miaka 60 asipewe zaidi ya miligramu 20 za sitalopramu kwa siku, ilhali watu wazima wengine huweza kufika 40. Dawa hiyo ya sonona hujikusanya zaidi katika damu ya mzee, na ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa wanawake hakuna kikomo cha namna hiyo, na wapo wanaouliza kwa nini.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Kwa kawaida mwanamke ana uzito mdogo kuliko mwanamume, na CYP1A2, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa, hufanya kazi polepole zaidi mwilini mwake. Ndiyo maana dozi ileile ya dulosetini, dawa nyingine ya sonona, huacha kiwango kikubwa zaidi katika damu yake. Tena mfano upo: mwaka 2013 FDA hiyohiyo ilipunguza kwa nusu dozi ya kuanzia ya zolpidemu, dawa ya usingizi, kwa wanawake. Na tusisahau kwamba kuanzia 1977 hadi 1993 miongozo ya Marekani iliwaweka wanawake wenye uwezo wa kuzaa nje ya majaribio ya awali ya dawa.

Lakini anayemeza kidonge si wastani. Moshi wa sigara huichochea CYP1A2, na dulosetini hushuka kwenye damu ya mvutaji, awe wa kike au wa kiume. Waliorithi CYP2C19 dhaifu, kimeng'enya kingine cha ini kinachovunja sitalopramu, hubaki na dawa hiyo nyingi, nao FDA imewawekea kikomo kilekile cha wazee. Ukimpunguzia kila mwanamke dozi, utamnyima tiba kamili yule ambaye ini lake husafisha dawa haraka.

Umri ni habari nyingine. Figo huchoka, damu ipitayo kwenye ini hupungua, na mzee mara nyingi ana dawa nyingine tatu nne. Omeprazoli ya tumbo, kwa mfano, huizuia CYP2C19. Hata hapa jinsia hujipenyeza, tena kwa namna isiyotarajiwa: wanaume wazee huondoa mirtazapini, nayo ni dawa ya sonona, mwilini kwa kasi iliyo pungufu kwa asilimia 40 kuliko wanaume vijana, lakini kwa wanawake pengo hilo ni asilimia 10 tu.

Kwa mtazamo wangu, umri unatosha kuanza na dozi ndogo. Jinsia peke yake haitoshi. Iwe sababu ya kupima mapema kiwango cha dawa katika damu mgonjwa anapolalamikia madhara. Kipimo nacho kina mipaka. Kwa nortriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kiwango cha nanogramu 50 hadi 150 kwa mililita kina maana katika tiba. Kwa sitalopramu na jamaa zake, namba kubwa haitabiri vizuri nani atapona. Na bibi kizee huweza kushukiwa na sodiamu (chumvi) ya damu hata dawa ikiwa katika kiwango cha kawaida. Damu itolewe kabla ya kidonge kinachofuata, mgonjwa akiwa ametumia dozi ileile kwa takriban wiki nzima (fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huhitaji wiki kadhaa). Ikitolewa saa chache baada ya kumeza, daktari ataona kilele, na huenda akapunguza dozi isiyo na kosa.