Bia ya pipa si bia iliyoharibika

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anawacheka Waingereza kwamba wanakunywa bia ya vuguvugu. Sikubaliani naye hata kidogo. Bia yao hiyo, bia ya pipa, huwekwa kwenye ghala la chini ya baa, nyuzi 11 hadi 13 hivi, kwa sababu chachu iliyomo bado hai na kazi yake haijaisha. Ukiifanya baridi sana kama tulivyozoea sisi, ladha ya kimea inapotea yote.

Ninaishi Oxfordshire, Uingereza, na mkifika huku nendeni kiwanda cha bia cha Hook Norton. Kiwanda hicho alikianzisha John Harris mwaka 1849. Jengo lake ni mnara: kimea na maji hupandishwa juu, kisha kazi hushuka ghorofa kwa ghorofa hadi kwenye mapipa. Injini yao ya mvuke ya mwaka 1899 bado ipo!

Anzeni na bia yao iitwayo Hooky, nyepesi, chungu kidogo. Halafu Old Hooky, yenye kilevi asilimia 4.6, ina utamu kama wa matunda yaliyokaushwa. Hiyo ndiyo naipenda kupita zote. Muulizeni mhudumu pipa limefunguliwa lini, maana baada ya siku tatu hivi huanza kuchacha.